Staa Kapiga Msasa Historia! Ukitaka Upanga wa Samurai, Anza Mdogo Mdogo

Wadau, kuna picha mbili zimenikosesha usingizi wiki hii. Msanii mmoja wa kwetu anayeishi Marekani, jina kapuni, kaposti upanga wa Kijapani alioununua kwa familia ya askari mzee wa Vita vya Pili vya Dunia. Picha ya kwanza, mkia wa upanga, yaani kile kipande kinachojificha ndani ya mpini, umejaa kutu nyeusi. Picha ya pili, unang'aa kama kijiko cha harusini. Kaupiga msasa! Mashabiki wakamwaga makopakopa.

Mimi roho iliniuma. Ile kutu ndiyo ilikuwa cheti chake cha kuzaliwa. Wataalamu husoma rangi ya kutu, alama za tupa na sahihi ya mhunzi pale mkiani ili wakadirie umri na asili ya upanga. Panga nyingi ambazo askari wa Marekani walirudi nazo mwaka 1945 zilikuwa za kijeshi za karne ya 20, ila baadhi zilikuwa za kale za ukoo, zimevishwa tu mpini na ala za kijeshi. Wa jamaa yetu ulikuwa upi? Sasa hivi hata mtaalamu atakuna kichwa.

Najua nitaitwa mwenye wivu. Poa tu. Ninachosema ni kwamba tatizo lake halikuwa pesa. Lilikuwa haraka. Watu wanadhani hobi hii ni ya matajiri, kumbe hata mwenye mfuko mdogo anaweza kuingia, mradi akubali kwenda taratibu.

Mimi ningekushauri usianze na upanga kabisa. Anza na tsuba, kile kikinga mkono cha chuma kinachokaa kati ya mpini na makali. Tsuba ya kale ya kawaida unaweza kuipata kwa chini ya dola 100, inakaa kwenye kiganja, na ina michoro ya ndege, maua na mawimbi. Ukikosea, umepoteza hela ya viatu, siyo ya kodi ya nyumba.

Ukishazoea, tafuta wakizashi. Huu ni upanga mfupi, makali yake ni kati ya sentimita 30 na 60. Kwa nini ni rahisi kuliko katana? Enzi za Tokugawa, kuvaa panga mbili ilikuwa alama ya samurai, lakini hata wafanyabiashara waliruhusiwa kubeba wakizashi. Kwa hiyo zilitengenezwa nyingi na zimebaki nyingi. Chagua isiyo na sahihi, maana bei hushuka. Halafu sahihi zenyewe zimeghushiwa tangu zamani, hadi Wajapani wana neno lake: gimei. Mgeni anayenunua jina kubwa kwa bei ya kutupa kanunua hadithi tu.

Cha kulipia ni karatasi. Kuna chama Japani kinaitwa NBTHK, kilianzishwa mwaka 1948, ambacho hukagua panga na kutoa vyeti. Wakizashi isiyo na sahihi ila yenye cheti ni mwalimu mzuri kuliko katana ya "samurai maarufu" iliyokuja na maneno matupu ya muuzaji.

Kasoro nyingine vumilia: mkwaruzo, madoa madogo, ala iliyochakaa. Ila ukiona ufa unaokata makali kwa upande, unaoitwa hagire, kimbia. Na usijidanganye kwamba utanunua uliochakaa halafu utaung'arisha baadaye. Kazi hiyo ni ya fundi aliyesomea miaka mingi, na kwa katana moja bili yake inaweza kupita dola 2,000. Hapo "bei chee" imekwisha.

Ukiupata, usishike ubapa kwa vidole, jasho linaleta kutu. Futa kwa kitambaa laini, paka mafuta kidogo sana. Mkiani usiguse na chochote, hata kama mashabiki wanataka picha ya "kabla na baada". Na kabla hujalipa, uliza sheria za forodha na silaha za nchi unayoishi. Upanga wa kale unaotoka Japani unahitaji kibali cha serikali yao, muuzaji wa kweli atakuonyesha bila kukasirika.

Kuna mtu atasema, "Si ameununua kwa hela yake, aufanye anavyotaka." Kisheria sawa. Lakini upanga uliodumu miaka 300 umepita kwa wangapi? Samurai walikatazwa kutembea na panga hadharani mwaka 1876, na bado kuna watu waliendelea kuzipaka mafuta, baba kwa mwana, bila kuzitumia. Wewe ni mtunzaji wa zamu yako tu. Kuharibu kwa dakika 20 kitu ambacho wengine walikilinda vizazi kumi, kwa ajili ya kiki ya siku mbili, mimi siwezi kukupigia makofi.

Kwa staa wetu: kaka, upanga bado unao. Weka msasa chini, mtafute mtaalamu, na safari ijayo anza na tsuba.

Wadau mnaonaje, namwonea au kazingua? Tiririka.