Katika Jamaa Zetu: Mtoto Mwenye Ugonjwa wa Sukari



Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Leo twataka kusema habari ya mzigo mmoja ambao wengi huuona mwepesi, kwa kuwa hawajaubeba.

Mtoto aliyekuwa mzima aanza kunywa maji pasipo kukoma. Usiku aamka mara nyingi kwenda kukojoa. Ala vema, lakini akonda. Wazazi wampeleka hospitali, mganga apima damu, kisha asema: ni kisukari cha aina ya kwanza, atachomwa sindano kila siku, maisha yake yote. Baba na mama warudi nyumbani kama watu waliofiwa, na mtoto yu hai mbele yao.

Ndipo maneno ya watu yaanzapo. Mmoja asema mama alimpa vitu vitamu mno. Wa pili asema kuna laana katika ukoo. Wa tatu amtaja mchawi. Twawaambieni wazi: yote matatu si kweli. Katika ugonjwa huu mwili wenyewe huharibu sehemu za kongosho zinazotengeneza insulini. Pasipo insulini, sukari hubaki katika damu wala haiupi mwili nguvu. Ugonjwa huu hauambukizwi, wala si kosa la mtu.

Zamani watoto wa namna hiyo walikufa. Lakini Januari 1922, katika mji wa Toronto nchini Kanada, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa, alichomwa insulini kwanza kuliko wagonjwa wote. Aliishi miaka 13 zaidi. Siku hizi wenye kuipata dawa hiyo na kutunzwa vema hukua, husoma, huoa na kuolewa. Basi anayewashauri wazazi waache sindano kwa ajili ya mizizi au maombi, amtia mtoto katika hatari ya kufa baada ya siku chache tu. Tuombe, naam, lakini sindano isiachwe.

Sasa tumtazame mama. Usiku aamka kumpapasa mtoto, aone kama atoka jasho au kutetemeka, kwani sukari ikishuka mno yampasa kumpa maji ya sukari upesi, akiwa bado ana fahamu. Mchana apima chakula na kuhesabu fedha za dawa. Pengine amkasirikia mtoto, kisha ajificha na kulia. Mama, hofu yako na uchovu wako si alama ya kukosa mapendo. Usinyamaze. Sema na mume wako, na muuguzi, na wazazi wengine wenye mtoto kama wako. Hao watakuelewa kabla hujamaliza kusema.

Nawe baba, jifunze kuchoma sindano. Haifai kusema ni kazi ya mama. Usiku mmoja ukikesha wewe, yeye atapata kulala. Shangazi na nyanya nao wajifunze. Wala msiwasahau watoto wengine wa nyumba. Nao huogopa, na pengine hudhani kwamba hawapendwi tena. Gharama za dawa zisisemwe kwa manung'uniko mbele ya mgonjwa, asije akajiona kuwa hasara ya jamaa.

Walimu, mruhusuni atoke nje, anywe maji, ale kabla ya saa ikiwa lazima. Wanafunzi, msimcheke wala msimkimbie. Chezeni naye kama jana.

Na sisi majirani tufanye nini? Tupunguze mashauri, tuongeze mikono. Tumchotee mama yule maji, tukae na wadogo wake siku ya kwenda hospitali, tumwulize, “Umelala?” kisha tungoje jibu lake. Ndipo tutakapojua uzito wa mzigo ule, kwa kuwa tutakuwa tumeushika upande mmoja.