MNUNUZI NI NANI?

Vijana wetu wapenda hadithi za upelelezi, nasi hatuwalaumu. Wazee wao walimfuata Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tangu Mzimu wa Watu wa Kale kilipochapishwa mwaka 1960. Lakini kipo kitabu kimoja cha vijana ambacho sisi wa Kolandoto, Shinyanga na Geita hatuwezi kukisoma kwa kujiburudisha tu. Ni Golden Boy, kilichoandikwa kwa Kiingereza na Tara Sullivan wa Marekani, kikatolewa mwaka 2013. Habo, mtoto mwenye ualbino wa miaka 13, aondoka upande wa Arusha pamoja na jamaa zake kwenda Mwanza kutafuta riziki. Huko atambua kwamba viungo vya mwili wake vina bei, na kwamba mwindaji wa tembo amegeuka kuwa mwindaji wake yeye. Akimbilia Dar es Salaam ili kuokoa roho yake.

Yatutia haya kwamba hadithi hiyo imetungwa ugenini, maana maiti walizikwa kwetu. Tangu mwaka 2007 habari za mauaji ya watu wenye ualbino zilienea katika nchi yote ya kusini mwa Ziwa. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ilipokaa Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mtoto wa kiume. Februari 2015, wilayani Chato, mkoa wa Geita, mtoto wa mwaka mmoja tu alinyakuliwa mikononi mwa mama yake; mama akakatwa mapanga, na mtoto akaonekana baadaye amekufa, viungo vyake vimeondolewa. Hapa mjini Shinyanga, Buhangija, watoto waliletwa kwa makumi kwa makumi wakaishi nyuma ya ukuta kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa salama.

Basi na tupeleleze kama Bwana Msa. Ripoti ya Msalaba Mwekundu ya mwaka 2009 ilitaja bei ya viungo vyote vya mtu mmoja: dola 75,000 za Kimarekani. Mchimbaji anayeshinda shimoni kwa sululu azipate wapi? Mvuvi je? Mkulima wa pamba? Mtu akiwa na fedha hizo, huyo si mnyonge mwenzetu. Wenye panga wamekamatwa na kuhukumiwa. Waganga kadhaa nao wamekamatwa. Aliyetoa fedha ndiye ambaye kizimba hakijamzoea. Riwaya inayomwacha mtu wa namna hiyo bila jina, msomaji angeirudisha dukani.

Nchi yetu ni tajiri. Almasi ya Mwadui ilivumbuliwa mwaka 1940, nayo iko mwendo mfupi tu ukipita Kolandoto. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000. Dhahabu ilikaa katika miamba hiyo kabla hapajawa na binadamu wa kuitamani, wala haisogei hata shubiri moja kwa nywele za mtu. Ualbino nao hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, hata wakiwa weusi tititi, na adui wake wa kweli ni jua, linalochoma ngozi mpaka ikaota saratani. Lakini mwenye fedha hutaka njia ya mkato, na mpiga ramli humwuzia. Ni ramli hiyo hiyo iliyowaua bibi zetu wenye macho mekundu, ambayo moshi wa kuni na samadi uliyafanya hivyo katika kuwapikia wajukuu.

Mwaka 2015 Serikali iliwapiga marufuku waganga wa ramli. Ilifanya vema, ila soko halifungwi kwa kumfukuza dalali peke yake. Polisi wafuate fedha mpaka mlangoni ilikotoka, hata kama mlango huo una walinzi.

Nasi wana-Chama tusijifiche. Kabla ya uchaguzi mkuu wa mwaka huo huo, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walionya kwamba msimu wa kura huwaongezea hatari ndugu zetu hawa. Walikuwa wakisema habari za wagombea, si za wachimbaji. Kwa hiyo twayataka matawi, toka Kolandoto hadi Geita, yamwulize kila aombaye kura, hadharani na jina lake likiandikwa katika kumbukumbu za mkutano: Ndugu, mpiga ramli wako ni nani, na umemlipa nini?