Jamaa ya Ndago Chini ya Miti

Mkulima ang'oaye ndago kila msimu atastaajabu kusikia kwamba mashariki mwa Marekani watu hupanda jamaa yake kwa hiari. Mmea huo, uitwao Carex pensylvanica, asili yake ni misitu yenye mialoni. Husitawi katika kivuli kikavu, ambapo nyasi za kawaida hufa na udongo kubaki wazi. Majani yake membamba hufikia kama sentimita 20, basi hukatwa mara moja kwa mwaka, au huachwa kabisa. Mbegu zake ni kaidi kuota. Afadhali kugawa mashina na kuyapanda kwa nafasi ya sentimita 30. Mwaka wa kwanza humwagiliwa maji. Baadaye hutambaa wenyewe chini ya ardhi, polepole, bila ule ujeuri wa ndago. Lakini haustahimili kukanyagwa sana. Penye njia ya watoto ni heri kutandika mawe.