"Referee" halipi deni la mtu

Wiki hii tushuke na neno moja la Kimombo linalowaletea watu kasheshe: "referee".

Najua wengi mkilisikia mnamuona yule jamaa wa filimbi na kadi nyekundu. Ni refa kweli, hamjakosea. Lakini kwenye fomu ya kuomba kazi, "referee" ni mtu anayekufahamu, labda mwalimu au bosi wako wa zamani, ambaye mwajiri anaweza kumpigia simu amuulize tabia na uchapaji kazi wako. Anasema anachokijua, basi. Ukiboronga kazini, yeye hatoi hata shilingi.

Balaa linaanzia kwenye Kiswahili chetu. Huyo tunamwita mdhamini. Anayemtoa mtu polisi kwa dhamana, mdhamini. Mwingereza anasema "surety". Kampuni inayomwaga hela kwenye ligi ya mpira, mdhamini. Kwao ni "sponsor". Na yule atakayelipa mkopo mkopaji akishindwa, mdhamini pia. Huyo ndiye "guarantor", na hapo ndipo watu wanapolizwa.

Mtaani kwetu yupo kaka mmoja alimsainia mshikaji wake fomu ya mkopo, Kiingereza kitupu. Pa kusaini pameandikwa "guarantor". Akauliza maana yake, akajibiwa "mdhamini". Akakumbuka wale wa fomu za kazi, akamwaga wino. Mshikaji kala hela, kaingia mitini. Wenye mkopo wakamgeukia kaka wa watu, na mpaka leo analipa hela ambayo hakuionja.

Sheria nayo haimchekei. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inasema mzigo wa mdhamini wa deni ni sawa na wa mdaiwa mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vingine.

Wapo pia waoga wa upande wa pili. Mtoto wa jirani anaomba jina tu la kujaza kwenye barua ya kazi, wao wanajificha chumbani wakidhani watadaiwa. Jamani, msimkoseshe mtu ajira kwa kuogopa neno!

Kwa hiyo ukiletewa fomu, usiishie kuuliza kama ni udhamini. Uliza hivi: "Huyu akichemsha, mimi nalipa au naulizwa tu?" Kama ni kuulizwa, na unamjua vizuri, saini. Kama ni kulipa, kahesabu kwanza mfuko wako.

Tuonane wiki ijayo.