TUMEAPA SISI, WATOTO TUMEWAACHA WAPI?



Ndugu zetu wazazi, mlioko huku Maziwa Makuu na mlioko ng'ambo. Leo hatuandiki kwa kubembeleza. Jambo hili tumelinyamazia muda mrefu kwa kuogopa kuwaudhi jamaa zetu walioko Marekani, ambao ndio wanaotutumia pesa za ada ya shule na za matibabu. Lakini ukimya wetu umeanza kuwagharimu watoto, kwa hiyo na tuseme.

Kuna kijana mmoja wa jamaa zetu. Jina lake tunalihifadhi. Alitoka kambini magharibi mwa Tanzania pamoja na wazazi wake, karatasi zikisema ana miaka 8. Kwa mkimbizi, ile miaka 5 inayotakiwa kabla ya kuomba uraia wa Marekani huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini. Maana yake baba yake angeweza kuomba kijana akiwa na miaka 13. Hakuomba. "Hakuna haraka, tuna grini kadi." Miaka ikapita. Alipokuja kupeleka maombi, kijana alikuwa na miaka 17 na miezi. Baba akaapa tarehe 23 Januari. Wadogo wawili wa kijana yule, mmoja wa miaka 15 na mwingine 11, wakawa raia siku ile ile bila kufanya mtihani wala kulipa senti. Yeye hakupata. Kwa nini? Kwa sababu kwenye karatasi alikuwa ametimiza miaka 18 tarehe 1 Januari.

Sasa sikilizeni uchungu wa jambo hili. Kijana yule hakuzaliwa Januari! Mama yake anakumbuka vizuri, ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa kuvuna maharage. Kule kambini aliyeandikisha alikuta familia haina cheti, akaandika 1 Januari, kama walivyoandikiwa maelfu ya wakimbizi. Baba hakuona tatizo. Nani aliyekuwa anahesabu tarehe kambini, wakati kilichohesabiwa ni vikombe vya unga? Lakini nusu mwaka ile iliyoandikwa kwa wino wa haraka ndiyo iliyomtenga na wadogo zake.

Na hayakuishia hapo. Nyumbani walishangilia wakidhani wote sasa ni raia, hakuna aliyemwambia kijana kwamba yeye bado. Akiwa na miaka 19 alikwenda kuchukua leseni ya udereva, akaulizwa kama ni raia, akajibu ndiyo, na papo hapo akaandikishwa kupiga kura. Tangu mwaka 1996, sheria ya Marekani inasema mgeni anayejidai raia kwa uongo anaweza kufukuzwa nchini. Uko msamaha mdogo kwa aliyekaa kule tangu utotoni na kudhani kwa dhati kwamba ni raia, lakini unamtaka awe na wazazi WOTE WAWILI raia. Mama yake hakuwahi kuomba, aliambiwa mtihani si wa wanawake wasiojua Kiingereza. Leo kijana yuko kwa mwanasheria, na sisi huku tunapigiwa simu usiku tutafute cheti cha kuzaliwa katika tarafa ambayo ofisi yake iliungua wakati wa vita.

Nani mwenye kosa? Mtasema serikali. Tutafika huko, wala hatutawaacha. Lakini tuanze na sisi.

SHERIA INASEMAJE?

Wengi wanaongea juu ya jambo hili kwa kusikia msikitini baada ya swala, na kila mmoja ana lake. Sheria yenyewe si siri. Ni Sheria ya Uraia wa Watoto ya mwaka 2000, iliyoanza kufanya kazi tarehe 27 Februari 2001. Mtoto aliyezaliwa nje ya Marekani huwa raia wenyewe kwa wenyewe, bila ombi, yakikutana haya kabla hajatimiza miaka 18: mzazi wake mmoja ni raia, mtoto ana ukaazi wa kudumu, anaishi Marekani mikononi mwa mzazi huyo, kwa ulezi unaotambuliwa na sheria, na hajaoa wala kuolewa.

Someni tena: mzazi MMOJA. Zamani, kwa kawaida, walitakiwa wote wawili. Tangu 2001 anatosha mmoja. Basi tuwaulize akina baba: kama mkeo amesoma Kiingereza kukuzidi na yuko tayari kwa mtihani mwaka huu, kwa nini umemwambia asubiri mpaka wewe utakapokuwa tayari? Eti mke hawezi kumtangulia mume! Mwanao anatimiza miaka 17 na wewe unalinda heshima ya kutangulia kwenye foleni. Mwache mama atangulie, watoto wapate kwa mkono wake, na wewe ufuate. Kisha usibaki nyuma, maana mmeona hapo juu msamaha ule ulivyowataka wazazi wote wawili.

Na mtoto aliyebaki huku kwa bibi? Huyo hapati chochote kwa sababu tu baba ameapa kule. Mpaka aombewe, afike kule na ukaazi wa kudumu, aishi na mzazi wake, na yote yatimie kabla ya miaka 18. Tunao watoto wa namna hii katika mitaa yetu, Buyenzi wapo, Uvira wapo. Baba anapiga simu kila Idi na kusema "mwaka kesho inshallah". Inshallah ni neno la mtu aliyekwisha kufanya sehemu yake. Lisiwe jina jingine la uvivu.

VISINGIZIO TULIVYOCHOKA KUVISIKIA

Cha kwanza ni "hakuna haraka". Hebu tuangalie yaliyotokea. Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi Marekani ulisimamishwa. Juni 2025 likatoka tangazo la kuzuia watu wa Somalia kuingia, na Burundi ikawekwa kwenye kundi la vikwazo vya sehemu. Kisha mtihani wa uraia ukawa mgumu zaidi: aliyeomba kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025 alijisomea maswali 100, akaulizwa mpaka 10, akatakiwa kupata 6. Aliyeomba kuanzia siku hiyo ana maswali 128 ya kujisomea, anaulizwa mpaka 20 na anatakiwa kupata 12. Jirani aliyewahi alipita mlango mpana. Aliyesema hakuna haraka amekuta umesogezwa, na hajui kesho utasogezwa kiasi gani.

Cha pili ni "pesa hakuna". Ada ya mtu mzima kuomba uraia, kama ilivyopangwa tarehe 1 Aprili 2024, ni dola 710 kwa mtandao au 760 kwa karatasi, na mwenye kipato kidogo aliwekewa 380. Ni pesa, hatukatai. Lakini ndugu zetu, video za harusi zenu tunaziona. Ukumbi, magari, sare za kamati, mchango wa dola mia mia kwa kila familia. Jumuiya inayoweza kukusanya maelfu kwa usiku mmoja wa pilau haiwezi kukusanya ada ya mama mmoja mwenye watoto watano? Tunachoomba ni kamati moja kama ile ya harusi, kwa ajili ya makaratasi ya watoto.

Cha tatu kina uzito, nacho tukikubali: "tutapoteza kwetu". Kweli, hili linategemea unatoka wapi. Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya zinaruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, na sheria ya Kongo ya mwaka 2004 inasema uraia wa Kongo hauwezi kushikwa pamoja na mwingine. Mzee wa Uvira anayesita ana haki ya kusita. Anaacha kitu halisi, na si sisi wa kumcheka. Lakini aamue huku akijua. Kusita kwake kunamwamulia na mtoto ambaye hakuulizwa, ambaye Uvira anaijua kwa picha za simu, na ambaye akifukuzwa kule ataletwa katika mji asioweza hata kuulizia njia.

YATIMA WETU JE?

Hapa ndipo panapotugusa zaidi sisi Waislamu. Kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto wako. Dada akifariki, wanawe huingia kwa mjomba, wanakula sahani moja na wa kwake, na hakuna anayeuliza karatasi. Ni jambo jema na lina thawabu. Lakini sheria ile ya Marekani haimjui mtoto wa ndugu. Inamtaka mtoto wa kumzaa, au aliyeasiliwa kisheria kwa kutimiza masharti yake, kwa kawaida kabla ya miaka 16. Mtoto wa kambo haingii. Yatima uliyemlea kwa kafala haingii. Mjomba akiapa, wanawe wanakuwa raia na yatima wa dada anabaki na grini kadi yake, ndani ya nyumba ile ile, akidhani yuko sawa na wenzake.

Wengine, kwa kuliogopa hili, waliandika kule kambini kwamba mtoto wa dada ni mtoto wao wa kumzaa. Tunawaambia wazi: huo ni uongo juu ya nasaba, na dini yetu imeukataza kabla ya Marekani kuukataza. Na wao wana vipimo vya damu. Mwaka 2008 mpango wa kuunganisha familia ulisimamishwa baada ya vipimo vya DNA kufichua udanganyifu mwingi, na ukarejeshwa 2012. Familia za kweli zilikaa miaka minne zikisubiri kwa dhambi za waongo. Uongo wa kambini unaweza kukuvua hata wewe uraia uliokwisha kuupata.

Basi afanyeje mwenye yatima? Amwone mwanasheria mapema, mtoto akiwa mdogo. Wapo wanaoogopa mahakama wakisema kuasili ni haramu. Kilichokatazwa katika Suratul Ahzab ni kumbadilishia mtoto baba, aitwe kwa jina la asiyemzaa. Mahakama za kule hazikulazimishi kubadili jina la mtoto. Waulizeni masheikh wenu juu ya hukumu, sisi si mamufti. Lakini msikimbilie neno haramu ili kukwepa safari ya ofisini. Na kama kuasili hakuwezekani, basi mwambieni mtoto UKWELI: wewe bado si raia, ukitimiza miaka 18 utaomba mwenyewe, usipige kura, usijaze popote kwamba ni raia. Neno hilo moja tu lingemwokoa kijana wetu.

NA NYINYI WA WASHINGTON

Tulisema hatutawaacha. Sheria yenu inamwita mtoto raia tangu siku ile mzazi wake alipoapa. Vizuri. Lakini akitaka cheti cha kuonyesha kwamba ni raia, ada mliyoiweka mwaka 2024 ni dola 1,385 kwa karatasi, 1,335 kwa mtandao. Yaani cheti cha kuthibitisha haki ambayo mtoto anayo tayari kinazidi ada ya mzazi kuitafuta haki hiyo kwa mtihani na mahojiano! Mama anayefua mashuka ya hoteli akiwa na watoto watano atatoa wapi dola karibu 7,000? Ndiyo maana watoto wanakua na haki isiyo na karatasi, mpaka siku anaposimamishwa na askari na kuambiwa "thibitisha". Na ile tarehe 1 Januari mliipokea nyinyi wenyewe mkijua ni ya kubuni. Inakuwaje tarehe ambayo kila mtu anajua si ya kweli itumike kumkata mtoto kwa wiki tatu?

Mpaka mtakapoona haya, wazazi wana njia nafuu. Mzazi akishaapa, amwombee mtoto paspoti. Kwa mtoto chini ya miaka 16 ni dola 135, na paspoti ni uthibitisho wa uraia unaokubalika. Hudumu miaka 5 kwa mtoto wa umri huo, basi ihifadhiwe na irudiwe kabla haijaisha. Cheti kile kikubwa hakina mwisho wa umri. Aliyetimiza masharti kabla ya miaka 18 anaweza kukiomba hata akiwa na miaka 30.

Ndugu zetu, usiku wa leo, kabla ya kulala, toeni yale mafaili chini ya kitanda. Tazameni tarehe ya kila mtoto ILIYOANDIKWA, si ile mnayoikumbuka. Hesabuni imebaki miezi mingapi mpaka 18. Kama tarehe ni ya kubuni, anzeni kuirekebisha sasa, kabla ya kiapo, na sisi huku tutatafuta mashahidi na vyeti maadamu wazee waliohudhuria uzazi bado wako hai. Mkitupigia mtoto akiwa na miaka 12, tunayo nafasi ya kutafuta. Mkitupigia akiwa na 17 na miezi kumi na moja, tutakuwa na dua tu.

Watoto ni amana, na makaratasi yao ni sehemu ya amana hiyo.

Wabillahi tawfiq.