Vietnam ilikuwa maskini kama sisi, imetupitaje?

Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba anajua mzigo wake unakokwenda. Ukishapimwa ghalani na kupigwa mnada, unapanda meli na sehemu kubwa yake huishia India na Vietnam, ikiwa bado na maganda. Huko korosho inabanguliwa, inafungashwa na kuuzwa Ulaya na Marekani kwa bei nyingine kabisa. Tangu mwaka 2006 Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, ingawa mashamba yake hayatoshi kulisha viwanda vyake.

Kwa nini nchi moja inatajirika na nyingine inabaki nyuma? Wataalamu wameandika vitabu vingi. Wapo wanaotaja madini, wapo wanaotaja ukoloni, wapo wanaotaja hali ya hewa, na kila hoja ina ukweli wake. Ila kwa Vietnam hoja hizo hazifiki mbali. Nchi hiyo ilitawaliwa na Wafaransa, ikapigwa mabomu hadi vita vilipomalizika mwaka 1975, na Marekani iliendelea kuiwekea vikwazo vya biashara hadi mwaka 1994. Katikati ya miaka ya 1980 bei za bidhaa zilikuwa zikipanda kwa mamia ya asilimia kwa mwaka, na chakula kilikuwa haba. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, mwaka 1990 pato la wastani la Mvietnam na la Mtanzania yote mawili hayakufika dola 200 za Marekani. Mwaka 2023 la Mvietnam lilizidi dola 4,000. Letu lilikuwa kama dola 1,200.

Kilichobadilika kwanza ni shamba. Wakulima walikuwa katika mashamba ya ushirika, wakilima kwa amri na kuiuzia serikali kwa bei iliyopangwa na serikali. Mwaka 1986 chama tawala kilitangaza mageuzi ya uchumi, na mwaka 1988 familia zikakabidhiwa mashamba yao wenyewe na ruhusa ya kuuza sehemu kubwa ya mavuno sokoni. Mwaka uliofuata, nchi iliyokuwa ikiagiza mchele ikauza nje zaidi ya tani milioni moja. Udongo ulikuwa uleule na mvua ileile.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1993 ikaongeza jambo jingine. Ardhi ilibaki mali ya umma, kama ilivyo hapa kwetu, lakini mkulima akapewa haki ya kuitumia kwa miaka 20 kwa mazao ya msimu na miaka 50 kwa mazao ya kudumu, na akaweza kuirithisha, kuipangisha au kuiweka rehani. Mtu hapandi mbuni kwenye shamba analoogopa kunyang'anywa. Serikali nayo haikukaa pembeni: ilichimba mifereji, ilijenga shule na kufikisha umeme vijijini. Bila umeme hakuna kiwanda cha kubangua.

Tusiwapambe kupita kiasi. Wavietnam walipanda kahawa kwa pupa, wakafyeka misitu, na mavuno yao mengi yalichangia kuporomoka kwa bei ya dunia iliyofika chini kabisa mwaka 2001. Waliong'oa mibuni Kilimanjaro miaka ile hawajasahau.

Kwetu sisi hadithi ya korosho ilikwenda kinyume. Msimu wa 1973/74 tulivuna kama tani 145,000. Miaka 13 baadaye hazikufika hata 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini na kuacha mikorosho yao mbali, ubwiriunga ukaingia, na bei aliyolipwa mkulima haikumpa sababu ya kupalilia. Kichekesho ni kwamba katika miaka hiyohiyo tulikopa na kujenga viwanda 12 vya kubangua. Vingi vilikosa korosho, baadhi havikuwashwa kabisa, na baada ya kubinafsishwa vingine viligeuzwa maghala. Wenzetu walianza na mkulima, sisi tukaanza na majengo.

Zao lilifufuka, hata msimu wa 2017/18 tukapita tani 300,000. Msimu uliofuata wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, na Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo, jeshi likisomba mizigo. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Lakini uhakiki wa kuwasaka kangomba ulichukua muda mrefu, na wapo waliosubiri fedha zao miezi mingi huku dawa ya msimu mpya ikihitajika. Mwaka 2017 wakulima wa mahindi nao walizuiwa kuuza nje wakiwa tayari wameshavuna. Ukiwa mfanyabiashara mwenye mtaji wa mkopo, zuio la namna hiyo linakufilisi kwa wiki chache.

Hapa ndipo tunapoona tofauti kubwa. Mvietnam aliyepanda mkorosho au kufungua kiwanda kidogo aliweza kukadiria kwamba kanuni za mwaka huu zitakuwa karibu sawa na za mwaka ujao. Kwetu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ipo tangu mwaka 1999 na inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila, lakini wakulima wengi bado hawana hati hizo, na wenye nazo huona benki zikisita kuzipokea kama dhamana. Kazi ya kupima ardhi ya vijiji haihitaji mfadhili wa kutufikiria. Inahitaji fungu katika bajeti za halmashauri, ambazo kila msimu hukusanya ushuru wa mazao kutoka kwa wakulima haohao.

Msimu wa korosho hufunguliwa Oktoba. Mkulima na mnunuzi wanapaswa kujua tozo, makato na taratibu za mnada kabla ya kupulizia salfa, si kuzisikia redioni magunia yakiwa yameshafika ghalani.