Lulimba: Diski moja ikikufa, madeni yote yanapotea

Duka lenye kutunza madeni na stoki mu ordinateri moja ya zamani liko mu hatari. Kurant ya jenereta inapanda na kushuka, vumbi inaingia, diski inakufa bila kutoa alama.

Diski ya pili mu mashine ileile inasaidia, lakini haizuii moto wala mwizi. Tarehe 10 Machi 2021, moto ulichoma jengo la OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa. Wateja wenye nakala palepale walipoteza vyote.

Kwa hiyo, kila juma weka nakala kwenye diski ya inje, uijaribu kama inafunguka, kisha uitunze nyumba ingine. Siku ya kukimbia, mashine haibebeki. Diski ndogo inaingia mfukoni.

Deni isiyo na maandishi, nani atakubali kuilipa?